Mkilua wangu umegoma, nifanyeje?

Mama Zuu, Tanga: Wadau habarini, bibi alinipa mche wa mkilua, ule mti mdogo wa maua ya kunukia, mwaka jana, nikaupanda mbele ya nyumba kwenye jua kali kabisa maana nilidhani maua yote yanataka jua, sasa majani yameungua ncha, yamekunjamana, na haujaongezeka hata shubiri. Utapona kweli?

Mzee wa Miche: Pole mama. Mkilua ni wa msituni huko huko kwetu pwani, unakaa chini ya miti mikubwa, ndo maana jua la mchana linaumiza. Ukihamisha subiri mvua za masika, chimba na bonge zima la udongo usikate mizizi, peleka chini ya mwembe. Halafu samadi iliyooza, majani makavu juu, maji yasituame. Na uvumilivu jamani, unakua polepole huo!

Kibibi_Mvita: Umenikumbusha mbali, bibi yangu alikuwa anachuma kilua jioni anafungia na asmini kwenye kitambaa, kanga zote kabatini zinanukia. Siku hizi watu wanapanda mauwa ya plastiki tu 😒

Dogo Bustani: Jina la kisayansi ni Mkilua fragrans, wamechukua neno letu lile lile, na kwenye jenasi yake, yaani kundi lake la mimea ya karibu, uko peke yake. Ukizaa mbegu panda zikiwa mbichi.

Mama Zuu: Mwembe ninao uani. Asanteni, nasubiri masika.