PMP, Skramu au kujifunza kazini: nianze na ipi?

Mwandika_Programu
Wakuu, habari za kazi. Nimeandika programu miaka minne, na mwezi uliopita nimekabidhiwa timu ya watu sita. Kuandika naweza, kuongoza sijawahi. Naona njia tatu: kusomea PMP (cheti cha usimamizi wa miradi), kuchukua cheti cha Skramu, ule mtindo wa timu kufanya kazi kwa vipindi vifupi (PSM I au CSM), au kuacha vyeti nijifunze hapa hapa kazini. Muda nilionao ni jioni mbili kwa wiki. Mngekuwa nyie mngeanza na ipi?

Nahodha
Mkuu, PMP weka pembeni kwanza. Mimi ninayo na imenifaa sana, lakini kabla ya kuruhusiwa kufanya mtihani unatakiwa uonyeshe uzoefu wa kuongoza miradi pamoja na saa 35 za mafunzo. Ukishaipata, kila miaka 3 unaihuisha kwa pointi 60 za kujiendeleza. PMI, taasisi inayotoa PMP, wana cheti kingine, CAPM, kwa anayeanza, hakidai uzoefu. PMP inalipa ukiwa na wateja wa mikataba, bajeti na kamati. Timu ya watu sita yenye bidhaa moja haitagusa nusu ya hayo.

bitina_baiti
Hivyo viwili vya Skramu watu huvichanganya. CSM lazima upitie kozi, na kila miaka 2 unahuisha. PSM I haidai kozi: maswali 80 kwa dakika 60, ufaulu asilimia 85, na haiishi muda. Mwongozo wenyewe wa Skramu wa waanzilishi wake, Schwaber na Sutherland, toleo la 2020, ni bure na kurasa zake hazifiki 20. Jioni moja inautosha. Faida ya CSM ni mwalimu na wenzako wa kubishana nao. Kama wewe ni mtu wa kuelewa kwa kuongea, usiidharau.

Mzee_wa_Seva
Nipingane nanyi kidogo. Cheti cha Skramu nilikuwa nacho, na mradi wangu wa kwanza ulichelewa miezi minne. Kikao cha asubuhi tulikuwa nacho, sprinti (vipindi vya kazi) za wiki mbili, kila kitu. Kulikuwa na tiketi moja (kazi iliyobandikwa kwenye ubao wa timu), "Unganisha malipo". Wiki tatu mfululizo aliyeishika alisema "imebaki kidogo". Hakudanganya. Ndani ya tiketi moja kulikuwa na kazi saba: kutuma ombi, kupokea jibu, jibu likichelewa, mteja akibonyeza mara mbili, kurudisha pesa na kadhalika. Tulipoipasua, kila kipande kisizidi siku mbili, ndipo tukajua tuko wapi.

Halafu nikakosea tena: nikaomba watu. Tulikuwa 5, tukawa 10. Njia za mawasiliano kati ya watu 5 ni 10. Watu wakiwa 10 zinakuwa 45. Wazoefu wakaacha kazi zao kufundisha wageni. Fred Brooks, aliyewahi kusimamia miradi ya programu IBM, alishaandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa kunauchelewesha zaidi, nami nikalijua hilo kwa uchungu. Kwenye mtihani wangu halikuulizwa. Anza kazini, mdogo wangu. Cheti kifuate.

Nahodha
Mzee, hapo umenena. Ila kazini peke yake mtu hurithi makosa ya bosi wake akidhani ndivyo kazi ilivyo. Ausome huo mwongozo hata kama mtihani hafanyi.

bitina_baiti
Mwandika, ubao wenu ukoje? Tiketi ngapi zimeanza na hazijaisha?

Mwandika_Programu
Nimehesabu sasa hivi. Zimeanza kumi na nne, na sisi ni sita. Tisa zimekaa safu ya majaribio, na mjaribu tunaye mmoja.

Mzee_wa_Seva
Basi umeshaona pa kuanzia. Kesho msianzishe mpya. Waandishi wawili wakae na mjaribu mpaka hizo tisa zishuke hadi tatu, kisha wekeni ukomo kwenye safu hiyo na muulinde. Akitaka mtu kuingiza ya nne, kwanza atoe moja.

Mwandika_Programu
Asanteni wakuu. Mwongozo nausoma leo, PSM I nitaifanya baada ya sprinti tatu. Na Mzee, hiyo "Unganisha malipo" hata kwetu ipo, inaitwa "Ripoti", ina siku kumi na saba. Naipasua kesho asubuhi.