Ukoo wa mume wangu umegota 1870, Wilcox County, Alabama. Nifanyeje?

Mama Naima: Wakuu, habari za humu. Nimeolewa na Mmarekani mweusi, tunaishi Atlanta. Mtoto kaambiwa shuleni achore mti wa ukoo. Upande wangu nilimpigia mama Tanga, dakika kumi kanitajia mababu hadi wa saba, na ugomvi wao juu. Kasheshe ni upande wa baba. Bibi yake mume wangu alizaliwa Gee's Bend, pale mto Alabama unapopinda. Sensa ya 1870 nimeipata bure kwenye tovuti ya FamilySearch, ila kila nyumba ni Pettway! Babu ninayemtafuta wapo watatu wa jina moja. Nikirudi 1860, patupu. Niendeshe hadi mahakama ya kaunti pale Camden au nitachoma mafuta bure?

Kitwana: Dada, chora wa Tanga tu. Mwalimu atajuaje? 😂

Mzee Kumbukumbu: Usiende kwanza. Hao Pettway si wote damu moja. Mark Pettway alichukua shamba la akina Gee mwaka 1845 kwa sababu ya deni, kisha 1846 akaleta watumwa kama mia kutoka North Carolina, wakitembea kwa miguu. Uhuru ulipokuja wengi wakabaki na jina lake. Kwa hiyo jina halikusaidii, tazama majirani. Karani wa sensa alipita nyumba kwa nyumba. Walioandikwa juu na chini ya babu yako ndio waliokaa naye. Watafute haohao 1880, sensa ambayo ndiyo inasema nani mke, nani mtoto. Ile ya 1870 inawaweka nyumba moja tu, basi. Ya 1890 isahau, iliharibika kwa moto Washington mwaka 1921. Na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana: umri, jinsia, rangi. Jina hakuna.

Bi Rehema: Shoga, nami nilihangaika hivyo, kaunti nyingine hukohuko Alabama. Kilichonifungulia ni cheti cha kifo. Jimbo lilianza kuandikisha vifo 1908, na cheti kina nafasi ya wazazi wa marehemu, hata kama alizaliwa utumwani. Changu kiliandikwa mama Hannah, baba hajulikani. Nikaenda na Hannah wangu kwenye madaftari ya mirathi, maana bwana akifa mali yake ilihesabiwa, watu wakiwemo. Nikamkuta kati ya nyumbu na majembe, na bei yake pembeni. Nilifunga kompyuta nikaenda kufua nguo ambazo hata hazikuwa chafu.

Camden utaenda ukiwa na jina mkononi. Kabla ya hapo pitia orodha ya wapiga kura ya 1867, iko kwenye nyaraka za jimbo, Montgomery, na mtandaoni ipo. Wanaume weusi wamo kwa majina.

Mama Naima: Nimerudi. Kwa njia ya majirani, wawili kati ya wale watatu wametoka. Aliyebaki yupo 1880 na mke yuleyule. Mahali alipozaliwa pameandikwa North Carolina, na 1870 ana miaka 33. Ina maana alitembea akiwa mtoto??

Mzee Kumbukumbu: Kama miaka tisa hivi. Basi Camden iache kwanza, mama. Pettway alitokea Halifax County, North Carolina. Anza na mirathi ya huko, kabla ya 1846.