Naomba ushauri: mbasa wanaadimika katika mito ya Kyela

Ndugu zangu, mimi na wenzangu wachache wa hapa Mbeya huvua kwa ndoano, kwa kujiburudisha tu, katika Mto Kiwira na Mto Mbaka upande wa Kyela, na misimu ya karibuni tumeona mbasa wakubwa wamekuwa adimu mno. Samaki huyu huishi Ziwa Nyasa, lakini wakati wa mvua hupanda mitoni kutaga mayai kwenye changarawe safi. Hivyo nyavu zinazoziba mdomo wa mto, pamoja na tope linaloshuka kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, humwathiri kabla hajazaliana. Vyandarua vya mbu vinavyotumiwa kuvulia ndivyo vinavyoniuma zaidi, kwa kuwa haviachi hata vifaranga.

Naomba wenye uzoefu mnishauri: je, tuache kabisa kuvua mbasa msimu wanapopanda, au kuwarudisha majini wakiwa hai kunatosha? Tuandike kumbukumbu gani ili ziwafae watafiti wa TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) kituo cha Kyela? Tena, tuzungumzeje na kikundi cha BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi wa eneo lao) bila kuonekana tunawanyang'anya riziki wavuvi wanaotegemea samaki hao kulisha familia zao?