Akiba ya mbegu za mboga zisizo chotara kwa dharura: mtungi na majivu, chupa na silika, PICS au friji?

Pwani_Kijani aliandika:
Wakuu, tulinganishe. Kikundi cha wakulima ukanda wa Tanga kinataka akiba ya mbegu za kupandia msimu mzima, endapo mafuriko au ukame utafagia bustani na duka la pembejeo lisifikike. Zote ni OPV, yaani mbegu zisizo chotara ambazo mkulima anaweza kuvuna na kupanda tena: nyanya Tengeru 97, mchicha, mnavu, mgagani, bamia, kunde na kitunguu Red Creole. Umeme upo ila unakatika. Njia zinazojadiliwa ni (a) mtungi au kibuyu chenye majivu, (b) chupa ya kioo na silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), (c) mfuko wa PICS (mfuko wa kuhifadhi nafaka usiopitisha hewa), (d) friji au friza. Ipi inafaa, na mbegu zitakaa miaka mingapi?

Mbegu_Kavu:
Mkuu, chombo ni swali la pili. La kwanza ni mbegu ina unyevu kiasi gani siku unapoifunga. Kanuni ya Harrington inasema kila unapopunguza asilimia 1 ya unyevu ndani ya mbegu, au nyuzi 5 za joto, maisha yake yanaongezeka takriban mara mbili. Kwa upande wa unyevu, kanuni hiyo inafanya kazi kati ya asilimia 5 na 14 hivi. Sasa pwani hewa ina unyevu wa asilimia 75 hadi 80, na mbegu huvuta mpaka ilingane na hewa. Ukianika mchana ukaacha nje usiku, kesho yake umerudi nyuma. Kwa hiyo kibuyu na mtungi wa udongo, ambavyo vinapitisha hewa, navitoa kabisa kwa mbegu ndogondogo.

Kura yangu ni (b), kwa utaratibu huu:

Anika kwanza kivulini penye upepo siku 3 hadi 5, juu ya wavu au sahani, si juu ya gazeti kwa nyanya maana zinagandia. Joto la mbegu lisipite nyuzi 35. Bati la saa sita mchana linavuka 50, na hapo unaua kiini huku mbegu kwa macho ikionekana nzima.

Kisha pima mbegu na silika kwa uzito sawa, gramu 100 kwa gramu 100. Mbegu ziwe ndani ya kitambaa chepesi au soksi ya nailoni, vyote viingie kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira. Nyanya, mchicha na mnavu huchukua siku 7. Kunde na bamia huenda hadi wiki mbili.

Usiamini mkono. Tia kipimaunyevu kidogo cha kidijitali ndani ya chupa yenye mbegu peke yake, funga, soma kesho yake. Kikisoma asilimia 30 au chini (huo ni unyevu wa hewa ndani ya chupa, si wa mbegu), funga moja kwa moja. Kikisoma 40, inatosha msimu mmoja au miwili. Kikipita 50, rudisha kwenye silika.

Kile kipimo cha chumvi kinachofundishwa kwa mahindi (ukitikisa chupa chumvi isigande, nafaka ni kavu) hakifai hapa. Chumvi huanza kugandamana hewa ikifika karibu asilimia 75. Kwa nafaka ya kula ni sawa, ila mbegu ya kitunguu iliyofungwa kwenye hali hiyo haimalizi mwaka.

Jembe_la_Bibi:
Majivu msiyatupe haraka hivyo. Kwa kunde yana kazi yake, na kazi hiyo si kukausha, ni kuzuia kubunguliwa. Vipimo ni majivu 3 kwa kunde 4 kwa ujazo, yaliyochekechwa, makavu na yaliyopoa kabisa. Yanajaza nafasi kati ya punje, mdudu hapiti, hapati mwenza wala pa kutagia. Watu wanakosea kwa kunyunyiza viganja viwili juu kama chumvi kwenye mchuzi, halafu wanasema majivu hayafanyi kazi. Mayai yaliyotoka nayo shambani kizazi cha kwanza kitatoboa hata hivyo, kwa hiyo changanya mapema, wiki ileile ya kupura.

Kwa nyanya na vitunguu nakubali, majivu ni kivuta unyevu dhaifu sana.

Shamba254:
PICS ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia la kawaida. Inaua kwa kukosesha hewa: wadudu wanamaliza oksijeni wenyewe, wanaacha kula, wanakufa. Ni nzuri ukiwa na gunia la kunde au maharagwe. Kwa gramu 20 za mnavu ni kichekesho.

Kwa kiasi cha kaya, chupa ya soda ya lita 1.5 inafanya kazi ileile kwa kunde, mradi uijaze hadi shingoni. Ukiacha robo tupu, oksijeni inatosha kizazi kizima. Na usifungue kila wiki kuchungulia.

Mifuko laini ya nailoni ya dukani inapitisha mvuke, hata ukiifunga mara tatu. Chupa ya soda inapitisha polepole, kioo hakipitishi, tatizo linabaki mfunikoni. Jaribu kabla ya kuamini: tia punje za silika zenye rangi kwenye chupa tupu, funga, acha wiki mbili. Zikibadilika rangi, mfuniko huo haufai.

Baridi_Tu:
Friji inadharauliwa bure. Kutoka nyuzi 28 hadi 5 ni zaidi ya hatua nne za kanuni ya Mbegu_Kavu, yaani mara 16 na ushee. Ila ndani ya friji unyevu uko juu, kwa hiyo ni chupa iliyofungwa au usiweke kabisa. Friza ni kwa mbegu iliyokauka vizuri tu. Ikiwa na maji mengi, barafu inapasua chembe za ndani.

Umeme ukikatika si msiba. Mbegu kavu ndani ya chupa iliyofungwa haijali kupata joto siku mbili. Kinachoua ni kuitoa na kuifungua papo hapo: umande unashika kwenye mbegu. Iache ifungwe mpaka kesho, ndipo ufungue.

Faida nyingine: kunde kavu zikikaa siku 4 kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, mayai na viwavi vyote vimekwisha. Hapo majivu ya Jembe ni hiari.

Mbegu_Kavu:
Nakubaliana, lakini friji iwe nyongeza. Mpango wa dharura usisimame juu ya waya wa umeme. Na kunde msizikaushe kupita kiasi. Zikishuka chini ya asilimia 8 zinavuta maji kwa pupa siku ya kupanda, zinapasuka, au zinakuwa ngumu zisiote. Kipimo kikisoma 40, zitoe kwenye silika.

Pwani_Kijani:
Shukrani wadau. Miaka je? Na mgagani uliovunwa karibuni unaota mbegu chache mno, umekufa?

Mama_Kitalu:
Haujafa, umelala. Mgagani mpya unahitaji miezi 3 hadi 6 baada ya kuvunwa ndipo uamke vizuri. Usiutupe kwa jaribio la mwezi wa kwanza.

Kwa mbegu kavu iliyofungwa, bila friji, hesabu hivi na usijidanganye: nyanya miaka 4, kunde 3, bamia na pilipili 2, mchicha na mnavu 3 hadi 4. Kitunguu mwaka 1, ukibahatika 2. Zile kopo za kutoka nje zinazoahidi miaka 20 huku ndani mna kitunguu, soma lebo ukitabasamu.

Mimi kitunguu ningekiondoa kwenye akiba yenu. Kinazeeka upesi, na kinahitaji baridi ili kitoe maua, kwa hiyo pwani hamwezi kukirudishia mbegu. Nunueni kipya kila mwaka. Nafasi yake jazeni mchicha: unachumwa baada ya wiki 3 hadi 4, na gramu 1 inatosha mita ya mraba kwa kumwaga. Nyanya ina mbegu kama 300 kwa gramu, kwa hiyo gramu 2 kwa kaya zinatosha sana.

Kila mwaka kabla ya masika, viringisha mbegu 50 kwenye kitambaa kibichi. Mchicha uhesabu siku ya 5, nyanya ya 10, pilipili subiri hadi 20. Zikiota chini ya 35, panda msimu huohuo upate mbegu mpya. Nyanya chukua kwa mashina 10 au zaidi, inajichavusha yenyewe. Mchicha unachavushwa na upepo: weka mashina 50, na ng'oa mchicha pori wote jirani kabla haujatoa maua, la sivyo mwaka wa pili mnavuna miiba.

Shamba254:
Na msiweke kila aina kwenye chupa moja kubwa. Gawa kwenye vichupa vitatu, kila kimoja nyumba tofauti, kimoja kikiwa cha majaribio ya kila mwaka. Viwili vingine havifunguliwi. Lebo ya penseli iingie ndani pamoja na mbegu: aina, mwezi wa kuvuna, namba ya kipimaunyevu siku ya kufunga. Wino wa kalamu ya kawaida hufifia.