Beetle ya 1971: nimetoa kiti cha nyuma nikakuta sakafu imeliwa

Sindano_Ngara:

Wazee na ndugu zangu, hamjambo. Naomba ushauri kabla sijamjibu fundi Jumatatu.

Mimi nashona viti vya magari pale Ngara. Hii Volkswagen Beetle niliinunua mwezi wa nane, 1300 ya mwaka 1971, rangi ya maziwa, na aliyeniuzia alisema imekaa Nairobi maisha yake yote. Kwa macho ni safi kabisa. Jumamosi nikasema sasa niishonee viti vyake. Nilipoinua betri, ambayo kwa Beetle hukaa chini ya kiti cha nyuma, gunia lililopakwa lami likanyanyuka nayo. Chini ya gunia kulikuwa na bati la kopo la mafuta ya kupikia, limenyooshwa kwa nyundo, herufi zake bado zinasomeka, limebandikwa kwa puti. Nikalisukuma kwa kidole gumba. Likaanguka, nikaona kokoto za ploti yetu.

Nikachukua ile nyundo yangu ndogo ya misumari ya viti nikagonga kutoka katikati kuelekea mlangoni. Katikati panalia kama sufuria. Ukikaribia mlango wa kulia sauti inakufa, ni kama unagonga mkate. Sumaku ninayookotea pini haikushika pale chini ya mlango, urefu wa shibiri mbili. Kisha nikapiga jeki upande huo huo. Jeki ikapanda, gari likabaki palepale, na mlango tangu hapo unafunga kwa kusukumwa na bega.

Fundi wa Kariobangi anasema atachomelea anglaini mbili (vile vyuma virefu vya pembe) chini, apake lami, 15,000, na jioni niondoke nalo. Mwingine anataka anyanyue bodi yote, na pesa aliyotaja ni karibu niliyonunulia gari. Watoto wangu wawili hukaa kiti hicho tukienda Machakos kwa nyanya yao. Niambieni kweli, ni sakafu tu imeharibika au gari limevunjika mgongo?

SpanaKumiNaTatu:

Pole sana ndugu. Anglaini usikubali. Ataichomelea kwenye nini? Bati la hapo limebaki kama karatasi. Moto ukiligusa linatoboka, naye anazidi kusogea akitafuta chuma kizima, na kila anaposogea anaongeza shimo.

Hapo sumaku ilipokataa ni chaneli ya hita. Ni sanduku la bati, tupu ndani, linalopitisha hewa ya moto kutoka injini kule nyuma hadi miguuni mwa dereva. Wengi wanadhani kazi yake inaishia hapo. Bodi yote inakaa juu ya hizo chaneli mbili, na bolti zinapandia chini ya ukingo wa sakafu kuingia ndani yake. Chaneli ikioza, bodi na chesisi havishikani tena upande huo. Kutu yake huanzia ndani, matope na maji yakikwama, kwa hiyo rangi ya nje inaweza kung'aa hadi siku unayopiga jeki.

Kunyanyua bodi si lazima, na mimi ningekukataza. Ikiachwa imefungwa kwenye chesisi, chesisi yenyewe ndiyo kipimo chako cha kujua chaneli mpya ikae wapi. Ila ukikata kabla ya kutia mihimili, utalia. Mimi nilikata. Gari lilikuwa juu ya stendi mbili, na nilipomaliza inchi ya mwisho nikasikia mlio mdogo tu, tik. Nikajaribu mlango: juu pengo linapitisha kidole, chini hakuna pengo. Milimita sita zile zilinila siku tisa.

Kwa hiyo gari likae kwa magurudumu yake manne, sakafu tambarare. Chomelea paipu ya mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kila upande, na nyingine ikatize kutoka kulia hadi kushoto. Kata upande mmoja tu. Chaneli mpya ishikwe kwanza kwa klampu, urudishe mlango, ufunge na kufungua mara kumi. Ukifunga kwa kidole kimoja, ndipo uchomelee, na iwe kwa mashine ya waya. Ile ya vijiti inayeyusha bati jembamba. Tangi la petroli liko mbele, litolewe kabisa litoke na kwenye karakana. Ndoo ya maji na mchanga viwe karibu.

Chaneli zenyewe zinatengenezwa mpaka leo. Beetle ziliundwa zaidi ya milioni 21, za mwisho Mexico mwaka 2003, kwa hiyo usimruhusu fundi akukunjie bati lolote akisema haipatikani. Hili ni gari lililoshinda mbio za Safari Rally 1962. Linastahili chuma chake.

Maabara_Mama:

Kaka Sindano, shimo la chini ya betri usilihesabu kuwa la mvua. Ni asidi. Ukichomelea juu ya asidi, rangi itainuka kabla ya mwaka kwisha. Nunua magadi, haya haya ya kuivisha maharagwe, uyakoroge na maji yawe uji, upake. Yatatoa povu. Suuza, upake tena hadi povu likome, likauke juani, ndipo ushike brashi ya waya. Vaa glavu na miwani.

Na kwa kuwa wewe ni fundi wa viti: springi za kiti cha nyuma zikilala mtu mzito akakaa, zinagusa vichwa vya betri. Cheche, makumbi ya kiti yanashika, na mtoto yuko juu yake. Tafadhali betri isirudi bila kifuniko.

Kisauni_Garini:

Mie niko pwani, na hiyo kutu uliyoieleza naifahamu. Chumvi ya bahari haijali gari limesajiliwa wapi. Kabla hujatoa hata shilingi, lala chini mbele ulipo mwisho wa chesisi, pale eksili ya mbele inapofungwa kwa bolti nne. Toboa kwa bisibisi, kwa nguvu. Ikizama hapo, mwanangu, hesabu ni nyingine kabisa, maana usukani unategemea chuma hicho.

Sindano_Ngara:

Ahsanteni sana. Mzee wangu wa Kisauni, nililala chini jana na tochi. Bisibisi iligonga na kurudi kila mahali, ila kona moja ya bamba la chini imeanza magamba. Chuma chenyewe ni kizima. Dada, magadi yalitoa povu mara tatu, mara ya nne yakatulia. Na upande wa kushoto pia, shibiri ya mwisho karibu na gurudumu la nyuma, sauti inakufa vilevile.

Yule wa anglaini nimemwambia hapana. Nimepata fundi Industrial Area mwenye mashine ya waya, amekubali nisimame naye na amekubali kuanza na mihimili. Tutafanya wa kulia mwezi huu na wa kushoto nikipata pesa. Paipu nimenunua leo Kamukunji. Mapengo ya milango yote miwili nimeyapima, juu, katikati na chini, nikaandika namba zake kwenye vioo kwa chaki ya kushonea. Kifuniko cha betri nimekikata kwa mpira mnene wa sakafu na nimekishona usiku.