Karate Kid ya 2010 imemdhulumu Mzee Miyagi, na simsikilizi anayeitetea

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Kila ikitajwa Karate Kid lazima atokee mtu aseme ile ya Jaden Smith na Jackie Chan ni kali kuliko ya 1984. Naandika kwa hasira na sitaki kupozwa.

Jina tulimalize haraka: muvi inaitwa Karate, dogo Dre (ndiye Jaden Smith) anahamia Beijing, anafundishwa kung fu mwanzo mwisho. China kwenyewe waliitoa kwa jina la Ndoto ya Kung Fu. Kwetu wengine walibakiza la karate kwa sababu linauza.

Hilo ningelisamehe. Nisichosamehe ni kile kipande cha mzee kulewa.

Kwenye ya zamani, kijana Daniel anamkuta Miyagi, mwalimu wake wa karate mwenye asili ya Japani, usiku kavaa koti la jeshi, chupa iko wazi, anazungumza na picha ya marehemu mkewe. Mzee anapolala, Daniel anaisoma telegramu: mke na mtoto wamefariki katika kujifungua, kambini Manzanar. Hiyo Manzanar ilikuwepo kweli, California. Baada ya amri ya Rais Roosevelt ya Februari 1942, Marekani iliwafungia kambini watu kama 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia wake wenyewe. Wakati huo Miyagi yuko Ulaya anaipigania Marekani hiyo hiyo, na nishani wamempa! Pat Morita mwenyewe, aliyemwigiza Miyagi, alifungiwa kambini utotoni, katoka tu hospitali alikolazwa miaka kwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wakubwa wa studio walitaka kipande hicho kikatwe, mwongozaji Avildsen akakitetea. Kila nikikitazama machozi yananitoka.

Sasa 2010. Mzee Han, mwalimu wa Dre anayeigizwa na Jackie Chan, alikuwa akiendesha gari, akagombana na mkewe, wakapata ajali, mke na mtoto wakafa. Basi. Jackie Chan kalia vizuri mno, sina ugomvi naye kabisa. Lakini msiba wa Miyagi ulikuwa na mdaiwa, tena serikali nzima. Wa Han anajidai mwenyewe.

Na msiniambie Han ni Mchina, Manzanar haimhusu. China ina misiba yake ya karne iliyopita, ya vita, ya njaa, ya siasa. Wangechukua mmoja. Ila muvi ilitengenezwa kwa ubia na shirika la filamu la serikali ya China, na mimi naamini ndiyo maana mzee kapewa ajali ya barabarani.

Hata mafunzo wameyaharibu. Daniel anang'arisha magari, anapiga msasa sakafu, anapaka rangi uzio. Anaona anatumikishwa, anakasirika, kumbe mikono imeshajifunza kukinga. Na kazi imefanyika, uzio unaonekana umepakwa. Dre anatundika koti, analiangusha, analiokota, analitundika tena. Kazi gani hiyo? Nani kafaidika?

Halafu Dre ana miaka 12. Mtoto wa miaka 12 anapigwa vile, tena wanatupunguzia mwendo tuone teke linavyoingia. Siwezi kukaa na wanangu nikawaonyesha.

Mwenye utetezi aje. Asiniletee habari ya kwamba iliingiza zaidi ya dola milioni 350. Aniambie tu, Han anamdai nani?