Mafundi, pimeni kwanza! Gari kupunguza maji si ruhusa ya kubadilisha kila spea

Wakuu, nimekereka na nitaandika nikiwa nimekereka hivyohivyo.

Gari langu ni la zamani, bloku (mwili wa injini) ya chuma na silinda hedi (kichwa kinachofungwa juu ya bloku) ya aluminiamu. Lilianza kupunguza kulanti, yaani dawa inayochanganywa na maji ya kupoza injini. Chini hapakuwa na dimbwi wala tone, ila ukifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa unakuta maji yameshuka. Nikalipeleka gereji.

Fundi akafungua boneti, akatazama kidogo, akasema, "Rejeta hiyo." Hakuuliza maji yanapungua gari likitembea au likiwa limeegeshwa. Hakuuliza kama kuna harufu ndani ya gari. Hakushika hata tochi. Rejeta ikabadilishwa, maji yakaendelea kupungua. Ikafuata wota pampu, yakaendelea. Akatoa thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa, eti gari la zamani haliihitaji. Mwisho akamimina dawa ya kuziba matundu na kuniambia niende kwa amani. Spea nimelipa mimi, ufundi nimelipa mimi, na kila nikirudi jibu ni lilelile: "Bosi, gari limechoka."

Gari halijachoka! Lilikuwa na tundu moja, na hakuna aliyelitafuta.

Hiki ndicho kinachoniuma. Kuvuja kwa kulanti ni tatizo lenye kipimo chake, tena kipimo rahisi. Mfumo wa kupoza injini unafanya kazi kwa presha. Tazama juu ya mfuniko wa rejeta, magari mengi yameandikwa 0.9 au 1.1, hiyo ni presha, karibu sawa na kipimo cha bar. Mchanganyiko wa nusu kulanti nusu maji ukiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, lakini ukiwa chini ya mfuniko mzima wa bar 1 unavuka nyuzi 125 bila kuchemka. Sasa presha hiyo inapatikana injini ikiwa ya moto. Tundu dogo linaweza kukaa kimya ukilitazama asubuhi, kisha ukiwa barabarani linarusha maji kwenye chuma cha moto na yanakuwa mvuke kabla hayajafika chini. Ndiyo maana huoni dimbwi. Kinachobaki ni ukoko mkavu, mweupe au wenye rangi ya kulanti yako, na ukoko huo unahitaji mtu anayeinama kuutafuta.

Kifaa cha kupimia ni pampu ya mkono yenye geji. Injini ikiwa imepoa, unaifunga mahali pa mfuniko, unasukuma hewa mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko na usizidishe, halafu unasubiri robo saa. Sindano ikishuka, maji yanatoka mahali, na sasa unaweza kuyafuata bila kuungua. Mfuniko nao unapimwa kwa pampu hiyohiyo, maana springi yake ikilegea au mpira wake ukikauka unapoteza maji bila tundu lolote kwenye injini. Fundi anayepokea magari yanayochemsha kila wiki anakosaje kifaa hiki?

Nikaenda kwa fundi mwingine. Huyu alipima kabla ya kugusa spana. Sindano ikashuka polepole. Rejeta mpya kavu, wota pampu kavu, mipira kavu, zulia upande wa abiria kavu, kwa hiyo rejeta ya hita (ile ndogo iliyo ndani ya dashibodi) haivuji. Akaingia chini na tochi na kioo kidogo, akakuta ukoko ubavuni mwa bloku, nyuma ya manifoldi ya ekzosi (bomba la moto linalokusanya moshi wa injini). Kizibo cha bloku kimetoboka.

Kwa wasiovijua, hivi ni visahani vya chuma vilivyogongwa kwenye matundu ya bloku, yale ambayo mchanga wa kalibu (umbo la kumiminia chuma) hutolewa kiwandani. Ni vyembamba kuliko ukuta wa bloku, hivyo kutu ikianza ndani ya njia za maji, vyenyewe ndivyo vinatoboka mapema. Changu kilikuwa kinatonesha maji kwenye manifoldi yenyewe, na hapo yanakauka papohapo.

Kazi kubwa ilikuwa kutoa manifoldi, maana boliti za zamani za ekzosi hukatika ukizilazimisha. Kizibo chenyewe kiligongwa upande mmoja kikageuka ndani ya tundu, kikavutwa kwa koleo. Akasugua kutu kwenye kingo mpaka chuma kikang'aa, akapaka gundi ya kuziba, akagonga kipya kwa soketi inayoenea ndani ya kizibo ili kiingie sawasawa bila kwenda upande. Akaweka thamostati mpya. Akajaza kulanti taratibu, pua ya gari ikiwa imeinuliwa na hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, mpaka mapovu yakaisha. Injini ilipopoa akafunga tena pampu, sindano ikasimama. Hiyo ndiyo kazi! Na spea iliyokuwa inahitajika ni kisahani cha bei ndogo kuliko vyote alivyonibadilishia yule wa kwanza.

Sasa narudi kwa yule wa kwanza, kwa sababu madhara yake hayajaisha.

Kila maji yalipopungua alikuwa anajaza ya bomba, matupu. Kulanti ina viungo vinavyozuia kutu, na ukiizimua kila mara viungo hivyo vinakosa nguvu. Kizibo hakikuoza kwa muda mfupi, ni miaka ya injini hii kupewa maji matupu mikononi mwa mafundi, naye akaendeleza yaleyale huku akitafuta uvujaji! Kulanti aliyoitoa aliimwaga chini, nje ya gereji. Ile kitu ina ethilini glikoli, ni sumu, na ni tamu, mbwa akiikuta anailamba. Watoto wanapita pale.

Thamostati nayo. Kuitoa hakuzibi tundu hata moja. Injini inachelewa kupata moto, inakula mafuta, oili haifikii joto la kukausha unyevu uliomo ndani yake. Na kuna injini ambazo thamostati inafunga pia njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji ya moto yanarudi kwenye bloku bila kupita rejeta, na gari linachemsha kuliko mwanzo. Unatoaje kitu ambacho hujui kinafunga nini?

Kama alihisi gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, nayo ina kipimo: kimiminika cha buluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta na kugeuka njano kikikutana na gesi ya ekzosi. Kama alihisi wota pampu, chini ya shafti yake kuna kitundu cha kutolea maji sili ikifa, angalia michirizi hapo. Hakuangalia.

Na wenye magari, msitegemee geji ya dashibodi peke yake. Sensa inapima joto la maji yanayoigusa. Maji yakishuka chini yake inabaki kwenye mvuke au hewa, na sindano inaweza kukaa katikati, hata kurudi chini, wakati hedi ya aluminiamu inapinda. Kama gari lako linapunguza maji, angalia kiwango chenyewe, injini ikiwa imepoa. Usifungue mfuniko wa moto, yale maji yanaruka na kuunguza uso.

Sasa naomba msaada kwa wenye uzoefu. Ile dawa ya kuziba haichagui tundu, inaganda popote njia ilipo nyembamba, na kwangu hita haitoi joto tena. Mpira wa kuingiza maji kwenye rejeta ya hita ni wa moto, wa kutoa ni wa vuguvugu, nadhani imeziba nusu. Kuna aliyewahi kusukuma maji kinyume, kutoka mpira wa kutoa kwenda wa kuingiza, ikafunguka na kubaki wazi? Au nishushe dashibodi nibadilishe nzima? Na rejeta mpya niifungue niisafishe, au kuisukuma maji kinyume ikiwa nje ya gari kunatosha?